Muziki wa Kuonea Haya: Santuri za Wazee Zinapopimwa kwa Kilo Matasia

Na Mwandishi Wetu

Mnunuzi wa skrapu amesimamisha mkokoteni wake mbele ya lango la bati mtaani Matasia, kati ya mji wa Ngong na Kiserian. Ni Jumamosi asubuhi. Ndani ya boma, familia inatoa vitu katika stoo ya mzee aliyefariki: jiko la mafuta ya taa lililoshika kutu, redio kubwa isiyowaka, viti viwili vilivyovunjika miguu na masanduku mawili ya mbao yaliyojaa santuri.

Mjukuu, kijana wa chuo, anachomoa moja na kuipuliza vumbi. Ni Kenny Rogers. Ya pili ni Boney M. Ya tatu ni santuri ndogo ya Orchestra Super Mazembe. Jalada lake lilishapotea na mwenyewe aliifunga kwa ukurasa wa gazeti. Anamuuliza mama yake zifanyweje. Mama anajibu kwamba kama mwenye mkokoteni atazipima pamoja na plastiki nyingine, azichukue tu. Huo, anasema, ni muziki wa baa, wa wazee wakishalewa.

Dakika chache baadaye, akifagia stoo hiyo hiyo, mama huyo anaimba wimbo wa Kenny Rogers kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea neno.

Wakenya wengi wako hivyo. Kuna muziki tunaoujua kwa moyo, tuliolelewa nao, lakini ambao hatupendi kuonekana tukiupenda. Kwa kuwa tunauonea haya, hatuutunzi. Na kwa kuwa hatuutunzi, unatutoka mikononi: kipande kimoja kinaishia jaani, kingine kwenye mizani ya skrapu, kingine ndani ya sanduku la mgeni anayepanda ndege.

Wanaoimba wakijificha

Orodha ya muziki huo inajulikana na kila aliyewahi kupanda matatu ya jioni kutoka Nairobi kwenda Ngong. Kuna kantri ya Marekani: Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Dolly Parton, Kenny Rogers. Kuna disko ya Ulaya, hasa Boney M, kundi ambalo kwa Wakenya wengi ndilo sauti ya Krismasi. Kuna zilizopendwa, jina ambalo redio ya taifa iliwazoesha wasikilizaji: rumba, twisti na benga za miaka ya 60, 70 na 80. Na kuna mugithi, mwanamuziki mmoja na gitaa lake, anayeunganisha Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu, Kenny Rogers na nyimbo za kanisani bila kupumua.

Kila mmoja katika orodha hii ana washtaki wake. Kantri inaambiwa ni ya Wazungu wa mashambani. Boney M inaambiwa ni ya uongo, kwa sababu sauti ya kiume iliyosikika kwenye santuri ilikuwa ya mtayarishaji Frank Farian, wakati aliyeonekana akicheza jukwaani ni Bobby Farrell. Zilizopendwa zinaambiwa zimechakaa. Mugithi unaambiwa ni wa walevi.

Hata hivyo, muziki huu haujakauka. Mwezi Julai 2024 maelfu ya watu walifika Ngong Racecourse wakiwa na kofia pana na buti za ngozi, kuadhimisha siku ya wachunga ng'ombe wa kimarekani. Aliyewatumbuiza ni Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, Mkenya aliyejenga jina lake kwa kuimba kantri.

Mwishoni mwa mwaka huo huo vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya enzi ya santuri waliufufua "Kasongo" wa Super Mazembe mitandaoni, wakautumia kumtania Rais William Ruto. Wimbo uliorekodiwa Nairobi miaka ya 70, kwa Kilingala, ukimsihi mtu arudi nyumbani, ukawa ndio wimbo wa taifa zima kwa majuma kadhaa.

> Kwa kuwa tunauonea haya, hatuutunzi. Na kwa kuwa hatuutunzi, unatutoka mikononi.

Gramafoni chini ya Milima ya Ngong

Eneo hili lina historia ndefu na santuri kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 20, chini ya milima hii hii, shamba la kahawa la Karen Blixen lilikuwa na gramafoni aliyopewa na rafiki yake Denys Finch Hatton. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, "Out of Africa", Blixen anasimulia kwamba wawili hao hawakukubaliana kuhusu muziki. Yeye alitaka watunzi wa kale. Denys alitaka muziki mpya kabisa wa wakati ule. Mpishi wa nyumba, Kamante, naye alikuwa na kipande chake alichokipenda, cha piano cha Beethoven, na hakubadilisha msimamo.

Finch Hatton alikufa katika ajali ya ndege Voi mwezi Mei 1931 na akazikwa kwenye miteremko ya Milima ya Ngong. Mabishano ya nani ana ladha nzuri ya muziki na nani hana yalikuwa yameshaanza hapa kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa.

Wakati huo pwani ilikuwa imetangulia. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. Santuri hizo za Kiswahili ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, zikathibitisha kwamba watu wa hapa wako tayari kutoa pesa zao kununua sauti za watu wao.

Kantri nayo iliingia kwa njia ya gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake ya kurekodi. Wasichana wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyekufa mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis. Sauti iliyotoka kwenye kisanduku bila mwili wake kuonekana iliwafanya wasikilizaji wamuumbe mwenye sauti upya, na wakamkaribisha katika ngoma yao.

Rekodi za Tracey zilipelekwa Afrika Kusini. Miongo sita ilipita kabla watafiti na shirika la Ketebul Music la Nairobi hawajawarudishia Wakipsigis nakala za sauti za wazazi wao. Mambo mawili yako wazi hapo. Kantri si mgeni wa jana katika nchi hii. Na sauti ikiondoka, safari ya kuirudisha huwa ndefu.

Santuri ndogo, nyuso mbili

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Nairobi ikawa mji mkuu wa santuri wa eneo zima. Viwanda vya kufyatua santuri vilijengwa, na kampuni za nje zikafungua ofisi. Katika studio za Equator, chini ya Charles Worrod, walipita Fadhili William, Daudi Kabaka, Nashil Pichen, Peter Tsotsi na Gabriel Omolo. Bendi za Tanzania, nchi ambayo haikuwa na kiwanda chake cha santuri, zilitegemea Nairobi kuchapisha kazi zao. Wakongo nao walikuja: Super Mazembe, Baba Gaston, kisha Les Mangelepa. Mwaka 1978 ndugu zetu wa Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika na punde wakatoa "Sina Makosa".

Kazi kubwa ya enzi hiyo iliingia katika santuri ndogo ya inchi saba, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Uso mmoja hubeba muziki wa dakika nne au tano hivi, na wimbo wa rumba ulikuwa mrefu kuliko hapo. Hivyo wimbo uligawanywa. Uso A ulibeba mashairi, waimbaji wakisimulia kisa polepole. Uso B ulibeba mchemko, magitaa yakikimbizana na wachezaji wakisahau viti.

Mtu aliyekuwa akichezesha santuri baa alijua kazi yake kwa namna alivyogeuza. Alisubiri gitaa la mwisho la uso A, akainua mkono wa sindano, akageuza, akaushusha kabla watu hawajarudi kukaa. Leo, wimbo uleule ukipatikana kwenye simu, mara nyingi unakuta uso A peke yake. Nusu ya wimbo, tena ile nusu iliyochezwa, imebaki kwenye santuri.

> Nusu ya wimbo, tena ile nusu iliyochezwa, imebaki kwenye santuri.

Nyimbo zetu nazo zilivuka bahari na kurudi zikiwa zimevaa nguo nyingine. "Helule Helule" ya Daudi Kabaka iliimbwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Boney M waliimba "Malaika" mwaka 1981. Mwaka 1983 wakatoa toleo lao la "Jambo Bwana", wimbo ambao Them Mushrooms wa pwani walikuwa wameutoa mwaka uliotangulia. Anayeona haya kumiliki santuri ya Boney M huenda anaona haya kumiliki wimbo wa Mkenya.

Machi 1980: redio yageuka, kisha yageuka tena

Mvutano kati ya muziki wa kigeni na wa nyumbani uliwahi kufika ngazi ya serikali. Machi 1980 Sauti ya Kenya, redio ya pekee nchini wakati huo, iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa uwe wa Kenya. Wanamuziki walishangilia. Wasikilizaji wengi wa mjini walilalamika, na katika muda wa wiki chache agizo likalegezwa.

Waliounga mkono agizo walikuwa na hoja nzito. Pesa za redio na za santuri zilikuwa zikienda nje wakati mwanamuziki wa Nairobi akilipwa malipo ya mara moja studioni na kuondoka. Waliopinga nao walikuwa na yao: msikilizaji hapendi kwa amri.

Pande zote mbili zilikosea jambo moja. Zilidhani moyo wa msikilizaji una nafasi ya muziki mmoja tu. Masanduku ya wazee yanaonyesha vingine. Humo Jim Reeves ameegemezwa kwa Kamaru, na Franco wa Kongo kwa ABBA. Mtu aliyenunua santuri hizo alikuwa mkulima, karani, mwalimu au dereva, na kila moja aliilipia kwa mshahara wake. Sanduku lake linatuambia kilichopendwa hasa, kuliko agizo lolote la wizara.

Kisha ikaja kaseti. Katika miaka ya 80 kanda ziliingia kila duka la River Road, nyingi zikiwa zimenakiliwa bila idhini. Santuri ilikuwa ghali na ilihitaji mashine nzito. Kanda iliingia mfukoni na kuchezwa kwenye matatu. Viwanda vya santuri vya Nairobi vikafifia na kufungwa. Redio ya mbao ikasogezwa pembeni, ikafunikwa kitambaa, mwishowe ikaingia stoo.

Bei ya juu Ulaya, bei ya plastiki nyumbani

Sasa mzunguko umegeuka. Mwaka 2022 santuri ziliuzwa Marekani kwa idadi kubwa kuliko CD, takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33, kwa mara ya kwanza tangu 1987. Wanunuzi wa Ulaya, Japani na Marekani wanatafuta pia muziki wa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko "Kenya Special" wa rekodi za miaka ya 70 na 80, ukafuatwa na wa pili mwaka 2016. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilikuwa zimetoka mara ya kwanza kwenye santuri ndogo, kwa nakala chache.

Nairobi nayo ina watu walioshikilia biashara hii wakati wengine waliicheka. Duka la Melodica, katika barabara ya Tom Mboya, limekuwapo tangu miaka ya 70. Katika Soko la Kenyatta, mahali watu wengi wanapopajua kwa nyama choma na ususi wa nywele, James Rugami ameuza santuri kwa miongo kadhaa katika kibanda nambari 570. Anayefika hapo hupekua rundo kwa rundo huku moshi wa nyama ukipita juu ya kichwa chake.

Kuhusu biashara hii kuna kambi tatu, na kila moja ina haki ya kusikilizwa.

Kambi ya kwanza ni ya wauzaji na wakusanyaji. Wao wanasema soko ndilo lililookoa santuri. Kama asingekuwapo mtu wa kutoa pesa, nyingi zingekuwa zimechomwa zamani. Hoja hiyo ni ya kweli, na familia ya Matasia iliyokaribia kuzipima kwa kilo ni ushahidi wake.

Kambi ya pili ni ya wanaohofia kwamba urithi unahama. Mgeni ananunua anachokitaka, na anachokitaka mara nyingi ni kile kinachofanana na fanki ya Marekani, kwa kuwa ndicho kinachouzika kwao. Twisti ya Kiswahili, kantri iliyoimbwa kwa Kikuyu, kwaya ya kanisa la kijijini na matangazo ya siasa ya miaka ya 60 hayamvutii. Hivyo kinachotoka kinaondoka kabisa, na kinachobaki kinaonekana hakina thamani.

Kambi ya tatu ni ya wanamuziki wenyewe na jamaa zao. Santuri kuukuu ikiuzwa kwa bei ya ng'ombe, aliyeimba hapati senti. Akitokea mchapishaji wa nje mwenye nia njema ya kulipa, mara nyingi hajui amlipe nani, kwa sababu mikataba ilipotea na kampuni nyingi zilifungwa.

Sheria inalinda nini?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Maana yake ni kwamba rekodi iliyofanywa mwaka 1974 ilimaliza muda wake mwisho wa 2024. Kila Januari, mwaka mwingine mzima wa enzi ya dhahabu ya Nairobi unatoka katika ulinzi huo.

Utunzi una muda wake tofauti: maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018. Kwa hivyo, utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa mwaka 2068. Familia nyingi za wanamuziki hazijui tofauti hii, na mtu asiyejua haki yake haidai.

Kwa upande wa vitu vyenyewe, ulinzi ni mdogo zaidi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavitambua kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Santuri ya 1972 haimo. Sheria ya Vitabu na Magazeti inawataka wachapishaji wawasilishe nakala, lakini, kama jina lake linavyosema, iliandikwa kwa ajili ya karatasi. Sauti za taifa zima ziliachiwa kampuni binafsi, na nyingi kati ya kampuni hizo hazipo tena.

> Kila Januari, mwaka mwingine mzima wa enzi ya dhahabu ya Nairobi unatoka katika ulinzi wa sheria.

Je, simu haitoshi?

Vijana wengi huuliza swali hili, na si swali la kejeli. Nyimbo nyingi za zilizopendwa zinapatikana mitandaoni bure. Kwa nini mtu ajaze nyumba kwa masanduku?

Intaneti imefanya kazi kubwa. Mjukuu wa Kamaru, naye akiitwa Joseph Kamaru na akijulikana duniani kwa jina la kisanii la KMRU, amekuwa akiutoa upya muziki wa babu yake mtandaoni ili mapato yarudi nyumbani. Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, imetoa vitabu na filamu za kufuatilia chimbuko la benga, muziki wa Kikuyu na fanki ya Kenya. Vijana wa Arbantone, mtindo wa muziki wa kizazi cha leo, nao wanachukua midundo ya nyimbo walizozikuta nyumbani na kujenga mipya juu yake. Hao wote wanahitaji chanzo kilicho safi.

Chanzo hicho, kwa nyimbo nyingi, ni santuri. Kanda kuu za studio ziliharibika au zilifutwa kwa kurekodiwa kazi nyingine juu yake. Faili iliyoko mtandaoni huenda ilitolewa kwenye kaseti iliyotolewa kwenye kaseti nyingine, ikabandikwa jina lisilo lake na mwaka wa kubahatisha. Lebo ya santuri ndiyo yenye jina la mtunzi, jina la bendi, jina la kampuni na namba ya toleo. Ikipotea lebo, umepotea pia ushahidi ambao mjane wa mwanamuziki angeuhitaji kudai haki yake.

Namna ya kuziokoa

Kutunza santuri hakuhitaji mashine ya bei ghali. Adui wa kwanza hapa Kajiado, kaunti ya Matasia, ni vumbi. Katika miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, vumbi la barabara ya Ngong hadi Kiserian huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Chembe moja ikikaa ndani ya mfereji, sindano huisaga ukutani kila inapopita, na mlio wa kukwaruza hautoki tena.

Ukiishika santuri, ishike kwa ukingo na katikati, usiguse mifereji. Iinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Mifereji mizima hung'aa kwa mstari mmoja mweusi. Iliyokwaruzwa huonyesha rangi ya kijivu. Chukua maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate katikati. Lebo isilowe, kwa kuwa wino wake huondoka. Suuza, iache ikauke ikiwa wima kivulini.

Usizilaze moja juu ya nyingine. Zisimamishe kama vitabu. Usiziache ndani ya gari juani, kwa maana hupinda na hazinyooki tena. Usiweke sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Wazee wengi walifanya hivyo, na santuri nyingi zilizokuja kuonekana kijivu ziliuawa na sarafu hiyo.

Zile nzito za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, hazikutengenezwa kwa plastiki ya kawaida. Ni za utomvu wa mdudu, ngumu na rahisi kuvunjika. Zinahitaji sindano pana zaidi. Ukizipata katika stoo ya bibi, zishike kwa mikono miwili.

Kajiado ifanye nini

Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Kwa hivyo Kaunti ya Kajiado haihitaji ruhusa ya Nairobi kufungua chumba kimoja cha sauti. Kunahitajika rafu za kusimamisha santuri wima, mashine mbili za kuchezea, kompyuta ya kuhifadhi nakala, na mtu mmoja aliyefunzwa. Watunzaji wa Idara ya Taifa ya Nyaraka na mashirika kama Ketebul wana ujuzi wa kumfundisha.

Chumba hicho kipokee kila kitu. Kipokee benga na Boney M, kwaya na kantri, nyimbo za Kimaasai zilizorekodiwa na zile za Kiswahili cha pwani. Kikianza kuchagua muziki wa heshima na kuuacha ule wa baa, kitarudia kosa la Machi 1980. Mtafiti wa mwaka 2070 atataka kujua watu wa Matasia walisikiliza nini walipotoka kazini, na jibu la kweli litakuwa na Kenny Rogers ndani yake.

Bunge nalo lina kazi. Wajibu wa kuwasilisha nakala za vitabu unapaswa kupanuliwa uhusu rekodi za sauti, za zamani na za leo. Mashirika ya kukusanya mirabaha yanapaswa kutangaza hadharani majina ya wanamuziki wa zamani ambao warithi wao hawajapatikana, ili familia zijitokeze.

Lakini kazi ya kwanza ni ya nyumbani, na haisubiri bajeti. Kabla hujamwita mtu wa skrapu, fungua sanduku. Andika kwenye daftari kila kilichoandikwa kwenye kila lebo. Mketishe mzee wako, muulize kila santuri aliinunua wapi, mwaka gani, na alicheza na nani, na urekodi majibu yake kwenye simu. Ukiamua kuuza, uza kwa anayejua anachonunua, na ubaki na picha za lebo zote. Na ukipenda Jim Reeves, sema unampenda. Muziki ambao watu wanautaja kwa majina hadharani hupata watunzaji. Ule wanaoukana huishia kwenye mizani.